Duka la Kawangware na Mwizi Niliyemtaja

Ndugu zangu, Bwana ni mwema, na sifa zote ni zake! Nimeomba dakika chache na mchungaji amenipa, ingawa nimemwona akiangalia saa. Mnanijua. Mimi ni Mama Simiyu wa Laini Saba, mke wa fundi wa viti, na sijawahi kuogopa kusimama mbele ya watu. Leo naogopa. Nimeshika hii meza nisije nikarudi kukaa.

Wengine wenu mmesikia vipande vipande kule kwenye mfereji wa maji. Mwingine ameongeza chumvi, mwingine ametoa nyama akabakisha mifupa. Basi sikieni yote kutoka kwangu mwenyewe, nimtukuze Mungu aliyenifungua.

Sisi akina mama wa kikundi cha Alhamisi tuko kumi na wanne. Kwa miaka mitatu tulichanga merigo, pesa ya mzunguko. Wiki hii mmoja anapokea, ananunua sufuria, wiki ijayo hana kitu tena. Tukachoka na sufuria. Tukasema, tuweke pesa pamoja, tufungue duka moja la maana, na Januari faida ilipe karo. Hapa Kibera kila mlango unauza unga na sukari, hakuna nafasi. Ndipo tukasikia kwamba kule Kawangware 46 kuna mzee anaachia kibanda chake cha mabati, kando ya njia, penye watu.

Nani ataandika makisio ya kufungua? Mimi, bila shaka! Nilisoma hadi kidato cha pili, na nilikuwa nawakumbusha watu jambo hilo bila kuulizwa. Nikang'oa ukurasa wa katikati katika daftari la Simiyu, mwanangu. Nikaandika: bidhaa, elfu kumi na mbili. Kodi ya mwezi mmoja, mia nne. Rafu, mume wangu atapigilia bure. Nikapiga mstari mara mbili kwa rula, nikawasomea. Wakapiga vigelegele, na kila mama akatoa mia tisa.

Ndugu zangu, ule ukurasa ulikuwa mzuri kwa macho tu! Tulipofika Kawangware yule mzee alitukaribisha vizuri, akatununulia soda, kisha akauliza kwa upole, "Na gudiwili mmekuja nayo?" Sikuwa nimeiandika. Ninyi wafanyabiashara mnajua: mtu aliyekaa mahali miaka mingi akazoesha wateja hatoki bure, na yule anayeingia lazima amwachie kitu mkononi. Mzee alitaka elfu tatu. Mwenye ploti naye akataka kodi ya miezi miwili iwekwe kwake kama amana. Leseni ya kanjo, hao wa baraza la jiji, sikuandika. Mkokoteni wa kuleta mali kutoka kwa holsela, anayetuuzia kwa jumla, sikuandika. Kufuli, taa, sikuandika. Na mizani! Nilipanga duka la kupima sukari robo robo nikasahau mizani! Nilipojumlisha nilikuta nimepungukiwa na karibu elfu sita.

Nikarudi kwa akina mama uso chini. Safari hii hakuna aliyepiga kigelegele. Kila mmoja alitafuta mia nne nyingine, na Mungu ndiye anajua walizitoa wapi. Mama mmoja aliuza redio yake. Alipoweka ile pesa kwenye kiganja changu aliniambia, "Mama Simiyu, hii ndiyo ya mwisho. Hii ikipotea, mimi na watoto wangu tumekwisha." Nilimwambia haitapotea. Lakini tangu siku hiyo nilianza kuogopa, na mtu mwenye woga huona adui kila mahali.

Tulihitaji mtu wa kukaa dukani. Tukamchagua Dada Akinyi, mmoja wetu katika wale kumi na wanne. Ni mjane, ametoka kule ziwani, na wakati huo alikuwa anafua nguo za watu huko Kilimani. Akahamia Kawangware na binti yake Achieng', wakakaa kwenye chumba kilicho nyuma ya duka. Tulikubaliana apate mia na hamsini kwa wiki. Hakulalamika.

Mpango ulikuwa hivi. Kila Jumamosi natembea kwa miguu kutoka hapa hadi Kawangware ili nisile nauli ya kikundi. Akinyi ananipa mkebe wa pesa, tunahesabu pamoja, naandika kwenye kitabu: mauzo. Kitabu changu kilikuwa na hilo neno moja tu, mauzo, mauzo, mauzo, ukurasa hadi ukurasa. Kisha naweka kando pesa ya kodi, namlipa Akinyi, nalipa mkokoteni na vijana wa kanjo, na pesa inayobaki nanunulia mali kwa holsela. Lakini kabla ya yote hayo, kabla hata sijamlipa mjane aliyekaa pale wiki nzima, natoa fungu la kumi la Bwana. Mkebe una elfu nne na mia nane? Natoa mia nne na themanini, nafunga kwenye pindo la leso.

Na hiyo sikuiandika popote. Mama yangu kule Bungoma alinilea hivyo: ukianza kumwandikia Mungu umempa kiasi gani, umeshaanza kumdai. Kodi niliandika, mkokoteni niliandika, hata kamba ya kufungia mzigo niliandika. Cha Mungu kilitoka kimya kimya na mimi nilikisahau papo hapo, nikaona huo ndio utakatifu.

Lakini mlikuwa mnanipigia makofi, au mmesahau? Bahasha zilikuwa zinasomwa hapa mbele. "Kikundi cha Alhamisi, mia nne na themanini!" Makofi! Hata watu wenye kazi za kudumu Industrial Area hawakutoa hivyo. Nikaanza kukaa benchi la kwanza. Nikaanza kuwaangalia wengine wanapotoa kumi kumi zao, na moyoni nasema, wangejua! Mungu anirehemu.

Mwezi wa tatu rafu zikaanza kupumua. Pale palipokuwa na pakiti nne za unga kwa kwenda ndani, ikawa mbili, ikawa moja. Akinyi alizigeuza zikae kwa upana ili mteja asione ukuta. Jumamosi moja akaniambia, "Mama Simiyu, mzigo unapungua. Wiki hii nimerudisha watu wa mchele, nimerudisha watu wa mafuta. Hii pesa inaenda wapi?"

Aliniuliza yeye! Na mimi nikasema moyoni, ohoo, huyu ananiuliza mapema ili nisimuulize.

Tuliomba. Dada mmoja alisema kuna pepo wa kula pesa, na kwamba Kawangware wako wengi. Tukafunga siku tatu. Tukaenda kupaka mafuta mlango wa duka, kizingiti na kufuli, na Akinyi akafunga pamoja nasi na bado akauza siku zote tatu. Jumamosi iliyofuata nikanunua mali kidogo kuliko ile iliyotangulia. Sikujiuliza kwa nini. Nilisema pepo huyu ana miguu na mikono.

Kisha nikaona kitanda. Cha chuma, kipya, na godoro lake. Achieng' alikuwa na viatu vya shule vinavyong'aa. Mia na hamsini kwa wiki, na kitanda cha chuma! Sikumuuliza alikipata wapi. Ningemuuliza angenijibu, na mimi sikutaka jibu. Nilikwisha kupata mwizi wangu na nilikuwa nimemshikilia kwa meno.

Jumanne moja nilienda bila kuaga. Nilisimama ng'ambo ya njia, nyuma ya magunia ya muuza makaa, nikamchungulia kuanzia asubuhi mpaka saa saba. Niliangalia mikono yake tu. Anapima sukari, anapokea shilingi, anaweka kwenye mkebe. Anapima, anapokea, anaweka. Hata mara moja haukuingia mfukoni ule mkono. Ndugu zangu, mtu mwenye akili angerudi nyumbani akasema nimekosea. Mimi nilirudi nikasema, huyu ni mjanja kupita nilivyodhani!

Wiki ya ishirini na sita tukahesabu mali yote dukani, mimi na yeye, bei ya kununulia. Ilikuwa elfu nne, mia sita na sitini. Tulianza na elfu kumi na mbili. Elfu saba na zaidi hazipo! Nilisikia sauti ya yule mama wa redio masikioni. Akinyi alikaa juu ya kreti akashika kichwa, na mimi nikasema, tazama anavyoigiza.

Mnajua kilichofuata kwa sababu mlikuwa hapa. Nilimwambia Akinyi aje Jumapili, kutakuwa na shukrani ya duka. Alikuja, amevaa kitambaa cheupe, amekaa na Achieng' katikati ya kanisa. Wakati wa shuhuda ulipofika nikasimama hapa hapa. Sikutoa ushuhuda. Nilisema, kuna mtu ameiba mtaji wa wajane na maskini, na mtu huyo yuko ndani ya nyumba hii, na jina lake ni Akinyi.

Hakulia. Alisimama akasema, "Mama Simiyu, hesabu tena. Mkebe wote nakupatia wewe. Pesa unabeba wewe, si mimi." Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo maana nilipandwa na hasira. Nikapaza sauti kumzidi. Kanisa likavurugika, mnakumbuka, mpaka mchungaji akafunga ibada kabla ya mahubiri.

Mchana huo huo tulienda Kawangware, akina mama tisa. Tulifunga duka kwa kufuli yetu. Tulitoa kitanda, godoro na jiko, tukasema ni rehani. Achieng' alishikilia kona ya godoro hakutaka kuachia, na mimi ndiye niliyembandua vidole, kimoja kimoja. Nayasema haya kwa sababu nikiyaruka nitakuwa nimedanganya. Tukamwambia Akinyi, mpaka Ijumaa alete elfu saba na mia tatu na arobaini, la sivyo tunampeleka kwa chifu, na kutoka kwa chifu ni seli.

Jumatano nikaenda ofisi ya chifu kupanga kesi. Karani alinisikiliza nikipiga kelele, akaniruhusu nimalize, kisha akasema, "Mama, kesi ya duka si kelele. Ijumaa nataka karatasi. Mlianza na nini, mkauza nini, mkatumia nini, na sasa kuna nini. Hiyo ndiyo nitampatia chifu." Nikamwambia kitabu ninacho. Akakifungua, akaona mauzo, mauzo, mauzo. Akanirudishia.

Alhamisi asubuhi nikamwendea Sista Jerusa, mhazini wa kanisa letu, kule anakouza dagaa wa omena Sarang'ombe. Mnamjua. Ameishia darasa la nne, miwani yake imefungwa kwa uzi, na hesabu zake hata mkaguzi hawezi kuzitikisa. Nilimwomba aniandikie karatasi ya kumfunga Akinyi. Nilisema hivyo hivyo. Akafunua kitabu changu, akanusa kama ananusa omena ya jana.

"Hii ni mauzo," akasema. "Faida iko wapi?"

Nikamwambia faida iko humo ndani. Akapasua boksi la sabuni, akalitandika magotini, akachora mistari kwa kalamu ya risasi. Juu akaandika tulivyoanza, na akanilazimisha nitaje kila kitu: gudiwili, amana, mizani, leseni. Hizo akaziweka peke yake, akisema pesa ya kuingia mlangoni haihesabiwi pamoja na pesa ya rafu. Chini yake, mali ya rafu, elfu kumi na mbili. Kisha akaanza kuuliza.

"Balo la unga unanunua ngapi?"

"Mia nne hamsini."

"Unauza?"

"Pakiti ni arobaini. Ziko kumi na mbili."

"Mia nne themanini. Basi umepata thelathini. Sukari?"

Tukaenda hivyo, sukari, chumvi, mafuta, sabuni ya kukata vipande, viberiti, huku akipimia watu omena katikati. Jua lilipanda. Akatafuta faida ya wiki ya kawaida: shilingi mia tano. Akatoa kodi, mshahara wa Akinyi, mkokoteni na kanjo: mia tatu. Zikabaki mia mbili kila wiki. Kwa wiki ishirini na sita ni elfu tano na mia mbili. Akasema duka lilipaswa kuwa na mali ya elfu kumi na saba na mia mbili, na mimi nimekuta elfu nne, mia sita na sitini.

"Basi iliyopotea si elfu saba," akasema. "Ni elfu kumi na mbili, mia tano na arobaini."

Ndugu zangu, nilifurahi! Nataka mjue moyo wa mtu unaweza kufika wapi. Nilifurahi kwamba Akinyi ameiba zaidi. Nilipiga makofi pale kwenye omena nikasema, "Umeona? Umeona huyo mwanamke?"

Jerusa alikuwa ameinama chini ya meza anatafuta kitu kwenye kikapu chake. Akatoa kitabu cha kanisa, kile cha bahasha. Akalamba kidole, akafungua, akaanza kuandika pembeni mwa boksi, Jumapili baada ya Jumapili, jina letu na kiasi. Zingine mia tano na kitu, zingine mia nne na kitu. Ilichukua muda. Akapiga mstari, akajumlisha mara mbili, akaligeuza boksi nilisome mwenyewe. Elfu kumi na mbili, mia nne na themanini.

Tofauti ilikuwa shilingi sitini. Na sitini hizo nilizijua. Mwezi wa pili panya walitoboa pakiti mbili za unga, Akinyi akaniambia siku hiyo hiyo, tukauza uliobaki kwa bei ya kutupa.

"Fungu la kumi unatoa ya nini?" Jerusa akauliza.

"Ya pesa yote. Ya mkebe."

"Kwa balo moja la unga?"

"Arobaini na nane."

Akanitazama juu ya miwani. "Umepata thelathini, ukatoa arobaini na nane. Hiyo kumi na nane uliyoongeza ni ya nani?"

Nikahesabu kwa vidole. Kumi na nane ilikuwa ya akina mama. Ilikuwa redio ya yule mama. Kila balo lililouzwa lilikuwa linakula balo lililobaki, na kadiri Akinyi alivyouza kwa bidii ndivyo nilivyolimaliza duka kwa haraka. Bwana alikuwa anadai fungu la kumi la kile alichotuongezea, shilingi ishirini tu kwa wiki, na mimi nilimletea mia nne na themanini, nyingi zikiwa za watu wengine, nikapigiwa makofi.

Sasa sikieni jaribu lilivyonijia. Sikushukuru kwanza. Kitu cha kwanza nilichosema ni hiki: "Sista Jerusa, si kitabu cha bahasha ni cha kanisa? Chifu hana haja nacho." Ndivyo nilivyosema! Nilikuwa tayari mwanamke asiye na hatia alale seli ili mimi nibaki benchi la kwanza. Jerusa alimpimia mteja omena, akapokea pesa, akarudisha chenji. Kisha akanipa lile boksi. "Chukua," akasema. "Ni karatasi yako. Ijumaa ni kesho."

Nikatembea nalo kando ya reli. Watu wanapita, wanauza, wananisalimia, siitikii. Nikakaa kwenye mawe karibu na mafundi wa mabati, wakigonga, na mimi nagongwa ndani. Nikisema, nimekwisha katika kanisa hili. Nikinyamaza, Achieng' analala sakafuni na mama yake anaingia seli. Sauti moja inasema, hakuna anayejua. Nyingine inasema, Jerusa anajua. Na mimi nikaanza kulia pale pale, kwa sababu nilitambua kwamba nilikuwa naogopa Jerusa na chifu na ninyi, na katika hesabu yangu Mungu hakuwemo kabisa. Nilikuwa nimemwondoa kitabuni tangu siku ya kwanza.

Hapo ndipo aliponifungua. Sikuanguka chini, sikuona mwanga. Niliomba maneno machache: Bwana, nihesabu. Nilijua nimekosea na nilijua bado ananitaka, vyote viwili kwa wakati mmoja. Nikasimama. Woga ulikuwepo lakini haukuwa bwana wangu tena. Haleluya!

Jioni ya Alhamisi hiyo nikawasomea akina mama lile boksi. Wengine walinitukana na nilistahili. Mama wa redio alitoka nje, akarudi, akakaa mbali nami. Mchungaji tulimkuta nyumbani kwake. Pesa ile ilikuwa imenunua mabati ya kanisa, lakini alisema kanisa haliwezi kujifunika kwa mtaji wa wajane, na litarudisha kidogo kidogo. Kwa chifu nilienda Ijumaa saa mbili, nikafuta kesi. Yule karani alilisoma boksi lote la sabuni, akasema hajawahi kuona hesabu iliyonyooka hivyo.

Kisha nikakodi mkokoteni, nikapakia kitanda, godoro na jiko, nikasukuma pamoja na mwenye mkokoteni hadi Kawangware, juani. Akinyi alikuwa nje anafua nguo za watu. Nikapiga magoti kwenye povu. Nikamwambia yote. Aliendelea kufua mpaka shati likaisha, akalikamua, akalianika. Ndipo akaniambia, "Hicho kitanda nilinunua kwa kufua. Jumapili, mkiwa mnapiga makofi huko, mimi nilikuwa nafua."

Nikamwomba anisamehe. Akasema, "Uliniita mwizi mbele ya kanisa lote, mtoto wangu akiwa hapo. Leo unakuja kuniomba msamaha hapa kwa beseni. Nani anasikia? Enda useme pale pale uliposimama."

Ndiyo maana nimesimama. Hakuniambia amenisamehe, na mimi sina haki ya kumharakisha. Duka bado limefungwa. Januari iko mlangoni na karo hatuna. Lakini tuna makisio mapya, ameyaandika Jerusa mwenyewe, na cha Bwana kimeandikwa humo kwa wino, kwenye mstari wake, baada ya faida kupatikana. Mungu wetu haogopi kuandikwa! Wewe unayetaka kufungua kibanda, njoo uyaone. Na wewe ambaye kuna kitu nyumbani kwako unaogopa kukihesabu, iwe ni pesa, iwe ni maneno uliyomwambia mtu, nakusihi umtegemee huyu Yesu. Mwachie akague. Atakuonyesha deni lako lote, na hatakuacha peke yako nalo. Mimi amenishika mkono mpaka kwenye meza hii.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Sista Jerusa. Nawashukuru akina mama ambao bado wananisalimia, na wale ambao hawajaanza.

Akinyi amekuja. Amesimama pale nyuma mlangoni na Achieng', hajataka kukaa. Msigeuke kumwangalia, mnisikilize mimi. Jumapili iliyopita mlinisikia nikimtaja jina. Leo sikieni: Akinyi hakuiba. Hakuiba elfu saba, hakuiba shilingi, hakuiba hata kijiko cha sukari. Alilinda pesa yetu, na mimi ndiye niliyeimaliza. Achieng', mwanangu, mama yako si mwizi. Kanisa, kama mmenisikia, semeni Amina, na mseme kwa sauti ya kufika mlangoni.